Shahidi Niliyemtaja Kanisani

Jamaa zangu wa Kibwezi, leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, na afadhali msikie kwangu kabla wengine hawajawaambia.

Mnajua kanisani mimi huenda Krismasi na Pasaka. (Nikionekana Jumapili ya kawaida watu watauliza ni nani amefariki.) Lakini Pasaka hii nilikuwa na haja. Mama yangu hapa Mukuyuni macho yanaingia giza, na daktari alimwambia hayatapona. Ombi lake ni moja tu: amwone mjukuu wake akibatizwa angali anaona. Kwa hivyo nikaja na mke wangu na mtoto, nikavaa ile suruali pana mnayoicheka, nikakaa mbele kabisa.

Wakati wa ubatizo katekista akasoma majina. La mtoto wangu halikuwepo. Mimi nilidhani mtoto huletwa tu.

Nikasimama. Padre akaniuliza, "Wewe ni wa jumuiya gani?"

Huku wazazi wasiposali na jumuiya, nyumba kwa nyumba, mtoto habatizwi. Lazima mwenyekiti aseme anawajua. Wa kwetu nilimjua, Mzee Kilonzo. Mtu mpole, hawezi kukukana mbele za watu.

"Muulize Mzee Kilonzo, Padre," nikasema kwa sauti. "Jumapili iliyopita tulisali naye." (Uongo, na ni Pasaka.)

Katekista akafunga kitabu. Nikafikiri wameridhika, nikaongeza, "Tulikaa benchi moja. Nilimwacha akicheka, afya yake nzuri kabisa."

Mama mmoja nyuma yangu akanivuta koti. "Keti," akaninong'oneza. "Tulimzika mwezi wa pili."

Jamani. Na mama yangu alikuwa ameniandikia habari za msiba huo. Barua ilikuwa ndefu, nikasoma pale alipoomba sukari na sabuni, nikaikunja.

Nikamwangalia mama yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu aibu ilikuwa yangu lakini aliyeibeba ni yeye, na mtoto alikuwa karibu kurudi nyumbani bila kubatizwa.

Padre akamgeukia mjane wa mzee, Mama Mwende, aliyekuwa benchi la pili na kitambaa cheusi kichwani. "Mama, unamjua huyu?"

Akainuka polepole. "Namjua. Mzee akiwa kitandani aliuliza kila Jumapili kama huyu kijana amekuja kanisani. Nilikuwa namwambia bado."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

"Mbatize mtoto, Padre," akaendelea. "Mtoto hajakosa kitu. Nitamsimamia mimi mwenyewe. Na huyu baba yake, Jumamosi jumuiya inasali kwao, na yeye ndiye atakayeongoza."

Padre akakubali. Mama yangu akashikwa mkono akaletwa mpaka karibu na beseni, akainama, akayaona maji yakimwagwa juu ya kichwa cha mtoto. Akalia. Na mimi nililia, siwafichi.

Basi mwambieni mkubwa wa kazi sitarudi mpaka Jumapili ijayo ipite. Na kama kuna mmoja wenu anayejua sala ambazo si za Krismasi wala za Pasaka, tafadhali aniandikie upesi.