Fishi za Falsafa na Chai ya Virginie

Jumatatu, tarehe 14 mwezi wa saba

Habari kubwa! Padri Edmond, mwalimu wetu wa falsafa kule seminari, amestaafu. Jumapili anapanda boti kurudi kwao Moba. Vitabu vyake atamwachia mwanafunzi mmoja wa zamani, yule atakayemwonyesha kwamba alisoma kweli. Hapa Kalemie tumebaki wawili tu: mimi na Toussaint.

Nimekaa kibarazani nikikumbuka. Harufu ya maktaba ile! Mafuta ya taa, karatasi za zamani, na sisi vijana tukijiona tumeshika dunia mkiani. Kila kitabu ulichosoma ulikiandikia fishi, kikaratasi kigumu: mbele muhtasari, nyuma mawazo yako mwenyewe. Machozi yamenitoka kidogo. Vitabu vile lazima viwe vyangu. Toussaint anauza saruji. Falsafa ataipeleka wapi?

Jumanne, tarehe 15

Tatizo. Fishi zangu zilikwenda na maji, mwaka ule ziwa lilipopanda hadi chini ya kitanda. Dawa: kuziandika upya! Nimekata maboksi ya sabuni, nimeandika yote ninayokumbuka. Nakumbuka sana maharage ya seminari, na sauti mbaya ya Toussaint kwenye kwaya. Falsafa, kidogo. Lakini mwisho wa kile kitabu kinene kuliko vyote maktabani haujanitoka kichwani: "Mwandishi anamaliza kwa kukiri kwamba mtu ni mto usiojua bahari." Sentensi nzito!

Kadibodi mpya inang'aa, na Padri si kipofu. Nimeziloweka zote katika sufuria ya chai zipate uzee. Mke wangu Virginie amerudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni. "Papa Bertille, unanywesha makaratasi chai, sisi tutakunywa nini?" Nimemjibu kwamba elimu ina gharama. Akanijibu kwamba sukari pia.

Alhamisi, tarehe 17

Msiba! Nilisahau kwamba chai ilikuwa tayari na sukari. Nilianika fishi uani. Sisimizi wakaja kwa ajili ya sukari, kuku wakaja kwa ajili ya sisimizi. Falsafa yote imedonolewa! Virginie kasema mkamia maji hayanywi, kisha akaenda kucheka jikoni, akidhani sisikii.

Fishi ya kitabu kinene tu ndiyo imepona. Imedonolewa kona moja tu, na kona hiyo inaipa heshima.

Nimekutana na Toussaint sokoni. Anadai fishi zake zote ni zile zile za seminari, ziko salama ndani ya sanduku. Nimelisifu shati lake. Moyoni nilikuwa na pilipili.

Jumamosi, tarehe 19

Aibu.

Mimi na Toussaint tumempelekea Padri fishi zetu. Amekonda, lakini sauti ni ile ile. Nilikaribia kusimama kama darasani. Amechukua kitabu kinene, akauliza kinaishaje. Mimi na Toussaint tumejibu kwa pamoja: mtu ni mto usiojua bahari. Neno kwa neno! Padri akauliza nani alikisoma. Toussaint akasema yeye alinakili fishi yangu. Yangu? Mimi nilinakili yake!

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya seminari: mmoja asome, mwenzake anakili, mzigo upungue. Kwa kitabu hiki kila mmoja alimtegemea mwenzake. Sentensi ile aliitunga nani, hatujui hadi leo.

Padri akatuonyesha. Vitabu vya zamani vilikuja kurasa zikiwa zimeshikana, msomaji anazipasua kwa kisu. Sehemu ya mwisho haijapasuliwa kamwe. Aligundua wiki hii akifunga maboksi. Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akakifunga kitabu taratibu, na hapo ndipo nilipoumia. Akasema miaka yote amewasimulia wanafunzi juu ya vijana wake wawili waliofika mwisho wa kitabu kile.

Vitabu vinakwenda kwa Sista Noëlla, kwa wasichana wa shule yake. Sisi ametupa hicho kimoja na kisu kidogo. "Mupasue, musome, munitumie Moba fishi moja ya kweli. Ni ile tu nataka."

Jumapili, tarehe 20

Bandarini. Padri alipunga kofia hadi boti ikawa nukta. Nilijisikia kijana tena, na yatima. Toussaint alikuwa analia waziwazi. Tumenunua karanga, tumekaa juu ya mawe, tumeimba wimbo wa bweni letu. Sauti yake bado mbaya. Nimempenda sana leo. Tumeapa: yeye nusu ya kwanza, mimi ya mwisho. Padri hatamngoja bure mtu yeyote tena.

Ijumaa, tarehe 25

Boti ya Moba inaondoka kesho. Toussaint amekuja na kitabu, bado kimeshikana kama mwanzo, akiuliza kama fishi yangu iko tayari anakili. Nami nilikuwa namngoja yeye! Kisu? Virginie anakatia vitunguu, anasema hajawahi kupata kikali hivi.

Tumetazamana. Tumekubaliana kwamba, ukiipima vizuri, sentensi yetu ya zamani haina kasoro. Nimeiandika kwa mwandiko wa seminari. Ila kadibodi inang'aa mno. Padri atadhani tumeharakisha.

Iko ndani ya chai sasa hivi. Safari hii bila sukari.