Saini ya Heshima ya Ghala la Makebuko

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Gitega.
Nimeitwa mahakamani! Mimi, Waziri, fundi cherehani wa Nyamugari, mjumbe wa bodi ya maghala ya serikali! Eti paa la ghala la Makebuko lililoanguka ni kosa langu. Langu binafsi, kwa jina, si la serikali. Kasiano, mkulima aliyevunjwa mguu na paa hilo, anadai fidia, na nikishindwa kulipa inauzwa nyumba yangu. Nyumba! Nilidhani kazi ya bodi ni kukaa, kunywa Fanta na kuitwa mheshimiwa. Mbona hawakuniambia?

Jumanne, 4 Novemba.
Kwa wakili, Josefina. Kanieleza polepole kama mtoto. Walioidhinisha ghala lipokelewe kabla mhandisi hajalikagua watalipa kwa mali zao wenyewe. Asiyehudhuria yuko salama. Aliyepinga, na kupinga kwake kukaandikwa, naye salama. Na aliyepinga ni nani? Eliud! Mjumbe mwenzetu, mwalimu wa Nyarusange, aliyekulia Tanzania, anayesoma kila karatasi mpaka nukta ya mwisho huku sisi tunasubiri chakula. Mwaka mzima nimemcheka. Damu inanichemka.

Lakini ngoja! Mkutano ulikuwa Ijumaa, 13 Juni. Siku hiyo nilikuwa Muyinga, kwenye ndoa ya binamu yangu Rachid! Saini niliitia kwenye muhtasari wa mkutano Jumatatu iliyofuata, kwa desturi yetu: aliyekosa mkutano hupita ofisini na kutia saini ya heshima, asionekane mzembe. Niliitia juu kabisa, kubwa, ili jina la Eliud likae chini yangu. Haidhuru. Ushahidi uko Muyinga. Nimeokoka!

Alhamisi, 6 Novemba. Muyinga.
Rachid kanipokea vizuri. "Kaka, we ulikuwa hapa siku nzima," kaniambia, "na video iko." Nilitaka kumbusu. Mkewe, Raissa, kanishauri niitazame kwanza, hasa kwenye hotuba. Ya nini? Sura yangu naijua. Nimemwambia ana wasiwasi mwingi. Kanitazama vibaya. Nimechukua flash, nimepanda gari.

Jumatatu, 10 Novemba. Gitega.
Aibu! Hasira! Video imeonyeshwa mbele ya jaji, Kasiano na magongo yake, na Eliud aliyevaa tai makusudi kuniudhi. Mwanzo safi kabisa: mimi nakula pilau. Kisha hotuba. Kwetu hakuna sherehe bila hotuba, na nikishika kipaza sauti sijui kukirudisha. Nikajiona nikitangaza kwamba leo hii bodi inapokea ghala la Makebuko, kwamba mimi ndiye niliyewapigia simu asubuhi wasimsubiri mhandisi, na kwamba bila Waziri paa lisingesimama!

Simu yenyewe sikupiga. Nilikuwa najisifu tu! Nikamweleza jaji hivyo. Akauliza basi nilidanganya wapi, kwenye karatasi au kwenye harusi. Nikajibu kote kuwili. Wakili Josefina akafumba macho. Watu wakacheka, isipokuwa Kasiano. Akasema kwa upole kwamba alikuwa ndani akipanga maharage ya mbegu, na msimu huu hana wa kumlimia. Niliona haya kweli. Nikatazama sakafu. Kisha nikamwona Eliud akiandika kitu, hasira ikanirudia yote.

Ijumaa, 14 Novemba.
Hukumu imetoka. Nyumba itauzwa, tuondoke ndani ya siku thelathini. Mke wangu Latifa kaisoma mara mbili. "Mi nilikuambia usome kwanza," kasema. "Sasa na watoto tutalala wapi?" Kaanza kukunja mapazia. Mapazia niliyoshona mwenyewe! Kosa la Eliud. Mtu anayejua paa ni bovu anapiga kelele, haandiki!

Jumanne, 18 Novemba.
Habari njema! Hamissi, karani wa serikali, kapita hapa nyumbani, anatafuta watu wa bodi mpya ya madaraja. Hajasikia habari za hukumu. Kaniambia mwenyekiti bado hajapatikana, na Eliud keshakubali kuwa mjumbe wa kawaida. Wa kawaida! Nimeinyakua fomu na kuijaza hapohapo, nimesimama. Kwenye jina nimeandika Mheshimiwa Waziri. Palipoulizwa ninapoishi, nimeandika: itafuata.