Watu Sita wa Hiace Yangu

Jumatatu, 30 Juni

Imekwisha! Hiace yangu sasa ni nyumba. Ina mapazia ya maua niliyoshona mwenyewe, jiko la gesi, na kitanda. Kitanda ni chetu, mimi na mke wangu Saidati. Nilikikata miguu na kipande cha upande wa kichwani ili kiingie. Hilo hakulipenda. Alisema hawezi kulala ndani ya gari kama kreti ya bia, akafunga begi, akavuka mpaka kwenda Goma kwa dada yake. Wiki ya tatu hii. Nikizima cherehani, nyumba nzima inanyamaza nayo.

Lakini nina mpango. Jumamosi kuna mbio za magari Bugesera. Nitajaza Hiace watu wa mtaa, tutatoka Gisenyi kwa honi na nyimbo, habari zitafika Goma, Saidati ataona anachokosa, atarudi. Nimempigia kumwambia watu sita wameniomba nafasi.

Walioomba mpaka sasa: hakuna. Lakini ndiyo kwanza Jumatatu.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu, watu wako nyumbani. Nimemwalika Rugwiro, kinyozi. Amenikumbusha kwamba mwaka jana nilimpeleka harusini Mudende na tukafika bibi harusi ameshaondoka. Watu wana kinyongo! Nimemwalika Uwera, muuza viazi. Amesema Bugesera anakwenda, ila na Vénuste.

Vénuste! Fundi magari wa ng'ambo ya barabara. Amekodi Kosta nzima. Watu ishirini na wawili. Jioni akaja mwenyewe, mpole kupita kiasi, akaniomba niwashonee bendera. Nilitaka kukataa. Nimeshona. Imetoka nzuri sana, inaniuma.

Jumatano, 2 Julai

Saidati amepiga! Yeye mwenyewe!

"Baba Yasmina," akasema, "mi nimechoka na Goma. Iko nafasi kwa voiture yako?"

Wiki tatu nasubiri maneno hayo. Nikafungua mdomo niseme njoo. Nikakumbuka wale watu sita. Nikimwambia nafasi ipo, atajua hawapo, atajua hawajawahi kuwapo. Nikajisikia nikisema: "Pole, mama. Tumejaa."

"Hata kakiti kadogo kwa mulango?"

"Hata mlangoni."

Nilisikia watoto wa dada yake wakicheka nyuma.

"Bon. Mutembee muzuri, basi."

Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Chakula cha jioni sijapika. Kupikia nani?

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata suluhisho! Mmoja wa abiria wangu ataugua. Nimempa jina Hakizimana. Nimempigia Saidati asubuhi: Hakizimana ana malaria, maskini, kiti kimebaki wazi.

Saidati amesikitika mno. Amesema ni vibaya kumnyang'anya mgonjwa kiti chake. Nimlaze kwenye kile kitanda, nimpeleke taratibu, nimshushe hospitali Kigali. Atamwombea dua. Ameuliza kama ana mke.

Nimesema hana. Sijui kwa nini, nilimwonea huruma.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeondoka asubuhi. Dada yake Saidati huwa na biashara karibu na Grande Barrière, pale mpakani, upande wetu, na ana macho makali. Kwa hiyo nilipanga mito sita kwenye viti, nikaivisha mashati na kofia, nikapita mbele yake nikipiga honi. Nilimwona akipunga mkono. Ushindi!

Musanze, askari wa barabarani akanisimamisha kwa sababu abiria hawakufunga mikanda. Akachungulia. Akauliza hawa ni akina nani. Nikasema ni familia. Akanirudishia leseni kwa mikono miwili, akaniambia mzee, nenda polepole. Afadhali angeniandikia faini.

Kigali sikusimama. Binti yetu Yasmina ameolewa pale, na angetaka kuwasalimia abiria.

Jumamosi, 5 Julai

Nilifika kabla ya Kosta, nikachukua mahali bora kabisa, penye kona kali. Saa moja baadaye kijana mwenye filimbi akaniambia kwamba nimeegesha ndani ya kona yenyewe, na magari yatapita juu ya jiko langu. Nikarudishwa nyuma. Nikarudishwa tena. Mwisho nilikuwa nyuma ya mikaratusi. Mbio nimezisikia vizuri. Vumbi pia nimeliona.

Nilikuwa nimepika pilau ya watu saba. Nimekula ya mmoja. Upande wa pili walikuwa wanaimba, na bendera yangu ilikuwa juu.

Wakati wa kuondoka Hiace ikagoma. Nani alikuja? Vénuste, na watu wake wote ishirini na wawili. Wakasukuma, hawakucheka. Injini ilipowaka Vénuste akasogea dirishani, akasema ndani ya Kosta kuna kiti kimoja. Wamenitunzia tangu Jumanne, waliona aibu kunialika kwa kuwa nina gari langu. Yeye mwenyewe angeniendeshea Hiace mpaka nyumbani.

Nikamshukuru. Nikamwambia abiria wangu wamekwenda kutafuta maji na watarudi sasa hivi.

Jumapili, 6 Julai

Nimefika Gisenyi mchana. Mlango wa nyumba wazi. Nikadhani wezi. Alikuwa Saidati! Amevuka tangu jana. Ameazima meza kwa jirani, amepika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ndizi na maharagwe, amepanga sahani nane. Amesema wageni wa mumewe hawawezi kurudi safarini bila kula.

"Bo iko wapi, bageni yako?"

Pale ningeweza kusema ukweli. Harufu ya chakula chake ilikuwa imejaa nyumba, na nilikuwa sijazungumza na mtu tangu Bugesera. Nikasema wote wameshukia Musanze.

"Hata mugonjwa?"

"Amepona. Amecheza ngoma."

Akaondoa sahani sita, moja moja, bila kuzigonganisha. Tukala. Chakula kitamu sana.

Jumatatu, 7 Julai

Saidati anarudi Goma. Nimemsindikiza mpaka Grande Barrière, nimembebea begi. Kwenye foleni akaniuliza, kwa upole, kama niko na kitu cha kumwambia.

Nikasema ninacho. Mbio zijazo, watu thelathini wameshaniomba nafasi, lakini kwa kuwa ni yeye, nitajaribu kumbana mahali.

Akanitazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kulalamika. Kisha akachukua begi lake, akavuka.

Njia yote ya kurudi nimewaza kosa langu liko wapi. Nimelipata. Hiace ni ndogo mno! Watu thelathini hawaingii. Rubona nimesikia kuna basi bovu linauzwa. Kesho nakwenda kupima viti.