Avoka ya Bure

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Chama chetu cha mawakili kinatafuta msemaji wa Siku ya Haki hapa Mbarara. Lazima niwe mimi! Mwenyekiti, Mzee Faizal, anataka picha zionyeshe nani anavuta watu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mpinzani wangu ni Zakiah, ambaye juzijuzi tu alikuwa akijifunza kazi ofisini kwangu. Akisimama yeye, watu hujaa. Mimi niliposoma makala yangu ya "Haki na Jamii" walikuja watu sita na mbuzi. Mbuzi alibaki mpaka mwisho, namshukuru.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempigia Léopold, mkalimani wangu kambini. Anasema Wakongo hawana habari na neno letu "loya". Kwao wakili ni avoka, Kifaransa hicho. Safi! Nimemwagiza aandike mabango: AVOKA YA BURE, JUMAMOSI, WOTE KARIBUNI. Akauliza kwa upole kama tusiongeze "ya sheria". Nikamwambia ufasaha ni maneno machache. Akasema basi, Maître, kama ni vile. Maître, yaani Bwana Wakili! Nimejitazama kwenye kioo.

Alhamisi, 11 Septemba
Kambi nzima inanizungumzia! Mama Perpétue, muuza maharage, ametuma kuuliza: kila jamaa itapata moja ao mbili? Nimecheka sana. Nimejibu mmoja anatosha, tena mwenye ofisi Kamukuzi, mtaa wa wakubwa! Zakiah ameomba lifti. Nimempa, aje ashuhudie.

Jumamosi, 13 Septemba
Banange! Watu kama siafu, na kila mmoja ana gunia, beseni au kikapu. Nikadhani ni vya kukalia. Nikapanda juu ya meza, nikanguruma: haki ni mti, na matunda yake mtakula leo! Makofi, vigelegele. Sijawahi kupigiwa vigelegele, hata siku ya harusi yangu.

Ndipo Mama Perpétue akasimama, akauliza avoka iko fasi gani. Nikajipiga kifua: ndiye mimi! Akanipima toka kichwani hadi viatuni, akasema huyu hataingia mu gunia yangu. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Léopold akaninong'oneza kwamba kwao ovakado, lile tunda la parachichi, nalo huitwa avoka. Sasa ndiyo ananiambia!

Nikajifungia garini. Aibu, wallahi. Zakiah akaketi chini kwenye lile gunia tupu, akamsikiliza Mama Perpétue, ambaye jirani amemnyang'anya nusu ya shamba. Wengine wakapanga mstari nyuma yake na mabeseni yao. Lakini mimi si mjinga. Nikapiga picha ya umati kupitia kioo, nikamtumia Mzee Faizal: "Wenye njaa ya haki. Kazi yangu."

Jumatatu, 15 Septemba
Mzee Faizal amepiga simu. Picha imemgusa, hasa yule binti aliyeketi katikati anasikiliza watu. Kwa hiyo msemaji ni Zakiah. Kwa picha yangu! Chai imenishinda.

Nimewaza mchana kutwa kosa liko wapi. Si lile neno. Kosa langu ni unyenyekevu, sikujisifu vya kutosha. Nimemtumia Léopold tangazo jipya: AVOKA KUBWA, ILIYOIVA, KUTOKA MBARARA. Akauliza tena habari ya "ya sheria". Huyu naye! Bango limeshaandikwa, na Mama Perpétue amelipenda, anauliza kama alete chumvi. Nimesema alete tu. Watu wakarimu sana hawa.