Mji Wangu Umeondoka Bila Kuniaga

Dagny ya Kale, Nebraska
Septemba 9, 1886

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na mitambo yako ya gazeti mlifika salama huko relini. Mimi Hulda Brandvold, mjane, sijambo. Ninalalamika kwamba mwezi Mei mji wetu wa Dagny ulinyanyuliwa, ukawekwa juu ya magogo, ukakokotwa na ng'ombe maili nne kuifuata reli. Nilikataa kuhama. Sikujua kwamba wengine wote wangekubali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kanisa lilikwama siku tisa katika shamba langu la viazi. Sikunung'unika. Jumapili ile nilisali nikiwa kizingitini pangu, miguu ndani ya beseni la maji moto. Kisha wakalikwamua! Ni ustaarabu gani kumwonjesha mjane raha kama ile na kumpokonya?

2. Jirani yangu Gunda Aasen alihamishwa akiwa anakaanga vitunguu. Nyumba ilipopita alitoa kichwa dirishani, akapiga kelele: "Shoga, sufuria iko motoni, siwezi kushuka! Usinune, Hulda, utazeeka!" Miaka kumi na mmoja tumegombana kila asubuhi kwa sababu ya jogoo wake. Sasa naamka, nachemsha kahawa, na sina wa kumkasirikia. Kahawa haina ladha.

3. Meya Pruett anawaambia wageni kwamba Dagny alikuwa malkia wa kale. Bwana, Dagny alikuwa ng'ombe wangu. Tulipofika nyika hii, watu saba na kiu yetu, ni yeye aliyetuongoza kwenye kijito. Mwaka wa nzige, Pruett huyohuyo alilala jikoni kwangu, akanywa maziwa ya malkia huyo hadi masika. Nilipomuuliza mbona wanachukua hata jina, alinijibu, "Bibi Hulda, reli haimngoji mtu." Nikamwambia, "Na mtu je, hamngoji mwenziwe?" Akatazama kofia yake.

4. Kwa kuwa mji ni mahali ulipoanzia, mimi ndiye mji, na ninyi mmetoroka. Jumanne nilifanya uchaguzi. Nilishinda umeya kwa kura moja. Kura ya pili iliharibika, maana mpiga kura alilia juu yake.

Kwa mamlaka hayo, naamuru mji urudishwe kwa njia ileile uliyoondokea, kanisa likitangulia. Reli nayo ikitaka, itufuate.

Nisalimie mchungaji, mhunzi na mkewe, na watoto wote niliowafundisha kusoma. Gunda usimsalimie. Mwulize tu kifua chake kinaendeleaje.

Wako katika haki,
Hulda Brandvold
Meya

N.B. Usiichape barua hii. Gunda amekuja sasa hivi na ng'ombe ishirini na wawili pamoja na magogo, na Pruett nyuma yake kavua kofia. Ameniambia, "Kiwanja cha pembeni yangu nimekikalia tangu Mei. Wamekitaka wauza nguo wawili na daktari wa meno, nikawafukuza. Utapanda, ama nikubebe?" Nimemwambia ana kiburi. Uniwie radhi kwa mwandiko huu: nyumba imeanza kutembea, wino unamwagika, na huyu mwanamke tayari anapanga upya vikombe vyangu. Anavipanga vibaya, Mhariri. Vibaya kabisa! Nimefurahi mno.