Nani Akubali Kuwa wa Akiba?

Moroni, Mei 2000

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
ambaye pia ni Mjomba wangu Assoumani,

YAH: RUTA MBILI ZA BEI NAFUU, NA WAJUMBE WAWILI WALIONICHOSHA

Shikamoo Mjomba, na heshima zangu zote kwa Mkurugenzi.

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichorudi nacho kutoka Zanzibar kwa sababu barua za Kifaransa zinazokuja mezani kwako husomwa kwanza na kamati nzima ya manunuzi, na kamati hiyo ndiyo ninayoishtaki.

Mimi, fundi wa kampuni yako ya intaneti, sina maslahi binafsi katika jambo hili. Ni kweli kwamba mke wangu Bouchra alikwenda kwa mama yake huko Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kujifungua. Ni kweli pia kwamba Nzwani iliyojitenga na serikali ya hapa Moroni imewekewa vikwazo, meli haziendi, simu zimekatwa, na ruta yetu ya kule, ile mashine inayozionyesha barua pepe njia ya kupita, imeungua. Bila ruta nyingine hakuna neno linaloweza kuvuka kati ya miji hii miwili. Mwezi wake umefika na sijui kama nimeshakuwa baba. Lakini hapa nazungumzia ufundi tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati inataka kununua ruta moja kubwa kutoka Paris na kuiweka hapa Moroni. Imechaguliwa kama dhahabu ya ndoa kubwa inavyochaguliwa: ili majirani waone. Kasi yake sina ubishi nayo. Ila siku itakapozimika, wateja wetu wote watazimika nayo kwa kasi hiyohiyo. Mimi nimepata ruta mbili zilizotumika, benki moja ya Réunion inaziuza kwa bei ya kutupa, na mbio zake zinatutosha. Moja ikae Moroni iwe kuu. Nyingine ikae Mutsamudu na dishi lake, iwe ya akiba, ibebe kazi yote mwenzake akielemewa.

2. Bwana Housseini, mjumbe mwenye asili ya Mutsamudu, alisimama aliposikia neno akiba. Alisema Nzwani haikujitenga ili iwe akiba ya mtu. Nikampa maneno mengine: msaidizi, mbadala, ya pili. Yote akayatema. Nikasema basi ya Mutsamudu iwe kuu na ya Moroni iwe ya akiba, maana umeme haujui kwao ni wapi. Hapo akasimama Bwana Mouridi, mhasibu wetu, mtu wa Moroni, akatoka na sinia la sambusa, na kikao kikavunjika. Mjomba, nilikasirika. Watu wazima wawili, wote na ndevu zao, hakuna anayeweza kumwambia mwenzake atangulie! Kuna ugumu gani hapo?

3. Kikao kilichofuata nilieleza kwamba ruta hizi husalimiana mchana kutwa: nipo, upo? nipo, upo? Bwana Mouridi akasema huko ni kuvunja vikwazo. Nimeuliza bandarini. Mchele umezuiwa, petroli imezuiwa, salamu hakuna aliyezitaja. Kisha akataka kujua ya Mutsamudu hufanya nini isiposikia salamu kutoka Moroni. Nikajibu kwa uaminifu kwamba hujitangaza kuu. Tangu siku hiyo hata Anziza muuza mikate ananiita mtu wa kujitenga.

4. Mwishowe kamati ikapata suluhu: zote mbili ziwe kuu. Nililijaribu hilo ofisini kwa mashine mbili za zamani, na kila moja ikajiona ndiyo mwenye nyumba. Barua pepe ya Mzee Djoumoi wa Ntsoudjini, anayemwomba mwanawe wa Marseille amletee miwani, ilizunguka baina yao mpaka ikamrudia mwenyewe, naye akanijia juu kwamba nayacheka macho yake. Wakuu wawili hawakai pamoja. Nimeona kwa macho yangu, na naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

5. Kwa hiyo naomba ruta hizi zifungishwe ndoa. Sifanyi mzaha. Visiwani kwetu mwanamume huondoka kwa mama yake akaenda kuishi kwenye nyumba ya mkewe, ufunguo ni wa mke, na hakuna anayesema bwana ametekwa. Mmoja akilala, mwingine hufungua mlango. Ya Moroni iwe mume, ya Mutsamudu iwe mke, isomwe fatiha, na mashahidi wawe Mouridi na Housseini, wapate kushikana mikono walau siku hiyo. Kamati ikikataa hata hilo, basi neno akiba libandikwe kifuani kwangu. Nakubali kuwa wa akiba kwa yeyote, mradi nipate habari za mke wangu.

Nakuomba ujibu upesi. Nisalimie mkaza mjomba Soraya, watoto, mlinzi wa lango, na hata wajumbe wa kamati, kama salamu bado zinaruhusiwa.

Mtumishi wako kazini na mpwa wako nyumbani,
Naoufal

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, aliingia muuza samaki wa bandarini. Amesikia kwa baharia aliyepitia kisiwa cha Mwali kwamba Bouchra amejifungua mtoto wa kike. Nilikuwa bado nafuta machozi akaingia mama yangu, dada yako: amepigiwa simu kutoka Marseille, na mtu aliyesikia kutoka kisiwa cha Maore, kwamba mtoto ni wa kiume. Nikajua ujumbe mmoja umeharibika njiani. Kisha akaja Anziza na mikate yake. Njia aliyopatia habari sikuifahamu, na alinikaripia nilipouliza. Akasema wote wawili wamesema kweli: ni pacha, na mama yao ni mzima. Basi lifute ombi langu, Mjomba. Njia tunazo tatu, zina kasi, hazikutugharimu kitu, wala hazikungoja kamati. Mama mkwe wangu Zaitoun ameuliza, kwa njia hizohizo, yupi aandikwe wa kwanza na yupi wa pili. Nimemjibu kwa zote tatu kwamba wote wawili ni wakuu.