Bastola Nyembamba na Bastola Nene

Jumamosi, 1 Septemba 2012

Siku mbaya. Kidole gumba cha mguu kimevimba kama nyanya. Magazini ya bastola, kile kisanduku cha risasi, imeniangukia. Si mara moja. Mara tatu!

Kosa ni la bastola nene ya klabu. Inabeba risasi kumi na saba, zimepangwa mistari miwili ndani ya magazini, ndiyo maana kishikio chake kina tumbo. Mkono wangu ni mdogo. Nikinyoosha kidole kufikia kifyatulio, kiganja kinabonyeza kitufe cha pembeni na magazini inadondoka. Bi Govender, msimamizi wetu wa uwanja, mama asiyecheka tangu azaliwe, ameandika kwenye karatasi yake: Crispus, sifuri.

Miaka mitatu sasa naenda mazoezini kwenye uwanja wa klabu, machimbo ya zamani nyuma ya Cato Manor. Mimi ni mpimaji wa macho, nina duka Morningside, kazi yangu ni kuwafanya watu waone. Na sipati shabaha hata moja!

Pembeni yangu alikuwa Libère, fundi cherehani Mrundi mwenye chumba cha kazi Greyville. Yeye hutumia bastola nyembamba, ile ya risasi nane katika mstari mmoja. Pa, pa, pa. Zote katikati. Kisha akaja kuniuliza kama mguu unauma. Ana adabu ya kuudhi.

Lakini! Bi Govender ametangaza mashindano ya tarehe kumi na tano. Makundi mawili, nene na nyembamba, na mshindi wa kila kundi ataiwakilisha klabu Pretoria. Nikachungulia orodha. Bastola nene: watu kumi na mmoja. Bastola nyembamba: Libère peke yake.

Mtu mmoja tu ndiye amesimama kati yangu na Pretoria. Nimerudi nyumbani nikichechemea na kuimba.

Jumatatu, 3 Septemba

Libère amekuja dukani kupimwa macho. Kama ameletwa na malaika! Macho yake ni mazima kuliko mashine yangu. Sikumwambia hivyo. Nilikunja uso, nikamwambia kwamba kwa mtu mwenye macho ya aina yake, bastola nyembamba ni hasara. Inaruka sana mkononi. Nene ni nzito, inatulia, na risasi ni kumi na saba. Nani anakataa kumi na saba akabaki na nane?

Akafikiri. Akasema, "Docteur, ile kubwa sijaizoea. Lakini wewe ulisoma. Mi niko nakusikiliza."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia vibaya mpaka saa sita mchana hivi.

Alhamisi, 6 Septemba

Gari liko kwa fundi, kwa hiyo mke wangu Zilpah amenipeleka mazoezini. Amelalamika kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, kuanzia Morningside mpaka Cato Manor. Ana mitihani ya kemia ya kusahihisha.

Libère amehamia nene, nami nimejiandikisha nyembamba. Ni tamu! Inakaa mkononi kama imekatwa kwa kipimo changu. Kidole kinafika. Magazini haidondoki. Nimepata shabaha nne kati ya kumi, rekodi yangu ya maisha.

Bi Govender, sijui kwa nini, akamwita Zilpah ajaribu. Akamwonyesha jinsi ya kusimama na jinsi ya kupumua. Zilpah akapata tisa. Nimemweleza kwamba upepo ulikuwa umetulia. Akasema ni kweli, na kwamba ameshangaa haukutulia kwangu.

Jumapili, 9 Septemba

Baba amepiga simu kutoka nyumbani Vihiga. Ni polisi mstaafu, na kila Jumapili huniuliza swali lile lile: umeshinda chochote? Miaka mitatu nimekuwa nikimwambia bado. Leo, sijui ulimi umeteleza vipi, nimemwambia naenda Pretoria.

Akaanza kupenga kamasi. Nikadhani ana mafua. Kumbe alikuwa anafuta machozi. Amesema atamwambia mchungaji, na wazee wenzake wote, na yule jirani ambaye mwanawe ni rubani.

Sasa lazima nishinde.

Baada ya ibada Libère alinifuata uani mwa kanisa. Akasema, "Docteur, ile kubwa iko buzito. Mukono inachoka." Nikamwambia avumilie. Nikamshauri ainue pasi yake ya makaa mara mia moja kila asubuhi, kwa imani kwamba atachoka zaidi, nisije nikasafiri naye Pretoria. Akashukuru, akaniuliza kama baba yangu hajambo.

Jumatano, 12 Septemba

Eish! Msiba!

Bi Govender amepiga simu. Kwa kuwa Libère amehama, kundi la bastola nyembamba limebaki na mimi peke yangu, na kanuni inataka watu wawili au zaidi. Nikikosa mwenzangu kufikia kesho, nahamishiwa bastola nene. Kidole gumba kimeanza kuuma palepale.

Nilihitaji mtu. Na awe dhaifu. Mtu asiye na mazoezi, asiye na hamu, ambaye hatasikitika akishindwa. Nilimpitia kila mtu ninayemjua, kisha nikainua macho. Alikuwa mezani anasahihisha mitihani.

Zilpah alikataa. Nikambembeleza. Akasema ana karatasi sitini na nane. Nikaahidi kuosha vyombo mpaka Krismasi. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Vyombo vyote? Hata sufuria ya ugali?"

Hata sufuria ya ugali.

Fomu nimeijaza mimi mwenyewe, isije ikawa na makosa.

Jumamosi, 15 Septemba

Niandike yaliyotokea jinsi yalivyotokea.

Shabaha kumi, kila moja risasi mbili. Jumla ishirini. Magazini yangu inachukua nane, kwa hiyo nibadilishe mara mbili. Hesabu ya mtoto. Kengele ikalia. Shabaha nne za kwanza nilizipata zote! Nikasikia mtu akipiga makofi. Nikamwona baba, nikamwona mchungaji, nikamwona yule jirani akiona aibu kwa ajili ya rubani wake. Nikalenga shabaha ya tano, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Nikapaza sauti kwamba bastola imeharibika.

Bi Govender alisema haijaharibika, imekwisha risasi.

Nikashika magazini ya pili, nikaichomeka. Haikuingia. Nikaisukuma. Nikaipiga kwa kiganja. Nilikuwa nimeigeuza nyuma mbele. Nilipoiweka sawa, saa ilikuwa imeenda mno, na za tano mpaka kumi nilizipiga kama mtu anayefukuza nyuki. Nilipata moja. Ilikuwa shabaha ya njia ya pembeni, si yangu.

Zilpah alifuata. Alihesabu kwa sauti ya chini, kama anavyohesabu matone maabara. Nane, akabadilisha. Nane, akabadilisha. Nne. Mashimo ishirini katikati. Nilibaki na vifuniko vyangu masikioni ili nisisikie makofi. Niliyasikia.

Kisha kundi la bastola nene. Libère aliishika kama kijiko. Pasi ile! Amewashinda wote, akapewa kipaza sauti, akasema mbele ya klabu nzima, "Bila docteur, mi ningebaki tu na ile kadogo. Merci, docteur." Watu wakasimama. Nikalazimika kupunga mkono.

Nimefika nyumbani nikakuta sufuria ya ugali imelowekwa.

Jumapili, 16 Septemba

Baba amepiga. Nilikuwa na povu mikononi, Zilpah akapokea. Nilisimama mlangoni nikimwashiria anyamaze. Akamweleza yote. Kutoka jikoni nilimsikia mzee akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama afariki. Amesema atawatangazia wote kwamba mkwewe anaenda Pretoria. Akaongeza kwamba nimbebee mkoba.

Nimekaa nimetafakari kwa makini, bila hasira. Tatizo si mimi. Nene inadondosha magazini. Nyembamba inakwisha risasi na magazini yake inageuka. Kwa hiyo adui ni magazini yenyewe! Ninahitaji bastola isiyo na magazini.

Nimempigia Bi Govender. Amesema ipo, ile ya zamani ya risasi sita zinazozunguka, na ina mashindano yake Novemba. Nikamuuliza wako wangapi katika kundi hilo. Mmoja tu, Mama Benedicta, ana miaka sabini na mmoja.

Nikauliza ameshiriki tangu lini. Tangu 1969, bila kukosa hata mwaka mmoja.

Miaka arobaini na mitatu! Lazima awe amechoka, maskini. Nimejiandikisha.